Tangazo lilisema joto limo kwenye kodi, bili ya umeme inasema vingine: sheria ya udanganyifu kwa walaji inamhusu mpangaji wa Massachusetts?

Chausiku_W

Habari zenu wakuu. Naomba mwenye kujua sheria za huku Massachusetts aje taratibu maana nimechanganyikiwa. Nimepanga Worcester tangu Novemba kwenye jengo la kampuni, si mtu binafsi, wana majengo kadhaa na ofisi yao ina meneja na dada wa mapokezi kabisa. Tangazo lao onlaini lilisema kodi dola 1,900 kwa mwezi, joto na maji moto vimo humo humo, paking bure. Nilipoenda kuangalia wakanionyesha nyumba nyingine ya ghorofa ya chini, yangu eti bado inapakwa rangi lakini "ni kama hii hii". Siku ya kusaini ndo mambo yakaanza kubadilika rangi. Kodi ya mwezi wa kwanza sawa, dipoziti 1,900 sawa, halafu juu yake dola 250 wanaiita ada ya usimamizi na dola 75 ya kupitia maombi, na mkataba wenyewe una kurasa kibao, huko nyuma kabisa kuna dola 45 kila mwezi ya "teknolojia" ambayo mpaka leo sijui ni teknolojia gani labda kile kitasa cha namba mlangoni, na paking dola 100 kwa mwezi. Nilikuwa nimeshatoa notisi nilikokuwa nakaa, mizigo iko kwenye maboksi, ningeenda wapi.

Sasa kilichonimaliza ni hita. Niliyoonyeshwa ilikuwa na radieta za mvuke zile za zamani, yangu ina hita za umeme ukutani na zinasoma kwenye mita yangu, kwa hiyo joto nalipa mimi. Bili ya Januari ilikuja dola 380 nikakaa chini. Nimempigia meneja ananiambia soma mkataba. Nimeusoma wote, kuhusu joto haujasema kitu, kuhusu umeme unasema tu mpangaji atafungua akaunti kwa jina lake. Dipoziti nina risiti ya siku ile basi, hakuna karatasi nyingine waliyonipa.

Shemeji yangu anasema hili si suala la mkataba tu, kuna sheria ya kuwalinda walaji na mpangaji naye anahesabika mlaji kama aliyeuziwa gari bovu. Tangazo wameshalifuta ila skrinshoti ninayo, nilimtumia mdogo wangu kwenye Whatsapp wakati natafuta nyumba na tarehe inaonekana. Nianzie wapi? Kuhama sitaki, watoto wako shule.

---

mzigo_mzito

Pole dada ila mtu mzima ukisaini umesaini. Zile ada uliziona mezani, ukalipa, ukaondoka na funguo. Tangazo ni tangazo, kila mtu anapamba biashara yake. Nenda mahakamani na mkataba wenye sahihi yako uone kama kuna jaji atasikiliza habari za Whatsapp. Zima hita usiku vaa soksi, mkataba ukiisha hama.

---

Kibaraza

mzigo_mzito kwa heshima zote, unachosema ndicho hasa kampuni hizi zinachotaka watu waamini. Mimi si wakili ila nafanya kazi ofisi ya msaada wa sheria huku huku, mambo ya wapangaji ndo mkate wangu wa kila siku, kwa hiyo naomba niandike kwa urefu kidogo na Chausiku usichoke kusoma.

Sheria anayoisema shemeji yako ipo, inaitwa Sura 93A ya sheria za jimbo, ni ya mwaka 1967. Inakataza vitendo vya hila na vya udanganyifu kwenye biashara yoyote, na kupangisha nyumba ni biashara. Kifungu cha 9 kinampa mlaji mwenyewe haki ya kushtaki, hausubiri serikali ikushtakie. Tena Mwanasheria Mkuu wa jimbo ana kanuni zake maalum kwa wenye nyumba, ziko kwenye 940 CMR 3.17 (CMR ni mkusanyiko wa kanuni za jimbo), zinataja moja moja vitu ambavyo mwenye nyumba akivifanya vinahesabika udanganyifu.

Tofauti yake na kesi ya mkataba ni hii, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kwenye kesi ya mkataba tunauliza karatasi inasema nini. Kwenye 93A tunauliza kabla hujafika kwenye karatasi uliambiwa nini, ulionyeshwa nini, ulifichwa nini, na je mtu wa kawaida angevutwa na maneno hayo mpaka akachukua nyumba ambayo asingeichukua. Kwa hiyo tangazo ni ushahidi. Ile nyumba ya mfano yenye radieta ni ushahidi. Dada wa mapokezi akikwambia "joto limo" hayo nayo ni ushahidi. Na huhitaji kuthibitisha kwamba walikaa kikao wakapanga kukudanganya, nia mbaya inahitajika pale tu unapodai fidia izidishwe.

Sasa twende kwenye vyako. Ile 250 na 75 usizihangaikie kwenye tangazo, zina sheria yake nyingine, Sura 186 kifungu 15B. Mwenye nyumba hapa jimboni mwanzoni mwa upangaji anaruhusiwa kukudai vitu vinne tu: kodi ya mwezi wa kwanza, kodi ya mwezi wa mwisho, dipoziti isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, na gharama ya kununua na kufunga kitasa kipya na ufunguo. Basi. Ada ya usimamizi haimo, ada ya maombi haimo, ada ya mbwa haimo. Hata ungesaini mara kumi, sahihi yako haigeuzi kitu haramu kuwa halali, na kukutoza kitu ambacho sheria imekataza ndiyo aina ya kitendo kinachoingia 93A.

Joto. Kanuni za afya za jimbo (105 CMR 410) zinasema joto na maji moto ni jukumu la mwenye nyumba na gharama yake ni ya kwake, isipokuwa mkataba wa maandishi useme kwamba mpangaji ndiye atakayelipa. Mkataba wako umenyamaza kuhusu joto. Jiandae, watadai kwamba ile sentensi ya umeme inabeba na hita kwa sababu hita ni za umeme. Ni hoja, si ya kuchekwa. Lakini ukiweka hiyo sentensi pembeni ya tangazo linalosema joto limo, na nyumba ya radieta waliyokuonyesha, wao ndo watakaotoa jasho kueleza.

Teknolojia ya dola 45 kama ni ya lazima hiyo wamejichongea. Tangu Septemba 2, 2025 kuna kanuni mpya za Mwanasheria Mkuu kuhusu ada za kubandikwa, 940 CMR 38, zinataka bei inayotangazwa iwe bei nzima pamoja na kila ada ambayo huwezi kuikwepa, na nyumba za kupanga zimo. Wewe umeingia Novemba. Walipaswa kutangaza 1,945 siyo 1,900.

Paking ndo dhaifu zaidi hapa nakwambia ukweli, maana uliiona kwenye mkataba kabla ya kusaini na unaweza kuishi bila paking. Idai, tangazo lilisema bure, ila usiifanye nguzo ya barua yako.

Dipoziti nayo. Walitakiwa kuiweka kwenye akaunti yake yenye riba, kwenye benki iliyoko Massachusetts, na ndani ya siku 30 wakupe karatasi yenye jina la benki, namba ya akaunti na kiasi. Na ndani ya siku 10 tangu uingie wakupe maelezo ya maandishi ya hali ya nyumba, nini kimebomoka nini kizima. Kama hawakukupa hiyo ya benki una haki ya kudai dipoziti yako irudi sasa hivi, ukiwa bado unakaa humo humo ndani.

Naishia hapo kwanza, uliza.

---

Chausiku_W

Kibaraza Mungu akubariki. Yaani dipoziti nadai wakati bado nakaa?? Sijawahi kusikia. Na unaposema fidia inazidishwa una maana gani, na naandikaje hiyo barua, naona kila mahali wanataja barua.

---

Kibaraza

Barua ya madai ndo mlango wa 93A. Kabla hujafungua kesi unatakiwa umwandikie mwenye nyumba na umpe siku 30 ajibu. Ukienda mahakamani bila barua madai yako ya 93A yanaweza kutupwa hata kama ulionewa waziwazi (isipokuwa wao wakikushtaki kwanza nawe ukajibu kwa madai ya kupinga, hapo barua haihitajiki). Barua haitaki Kiingereza cha bungeni. Inataka iseme wewe ni nani, walifanya nini, kimekuumiza vipi, unataka nini. Andika wazi kwamba hii ni barua ya madai chini ya Sura 93A kifungu 9. Usiandike "mmenidanganya sana na nimeumia". Andika: tarehe fulani tangazo lenu lilisema joto limo kwenye kodi, nakala imeambatanishwa, nilionyeshwa nyumba ya ghorofa ya chini yenye radieta, niliyopewa ina hita za umeme kwenye mita yangu, mpaka sasa nimelipia umeme kiasi fulani, bili zimeambatanishwa. Halafu kiasi. 250 na 75 inakuwa 325. Teknolojia Novemba mpaka Januari 135. Paking miezi hiyo hiyo 300. Umeme weka sehemu iliyotokana na hita, usiweke bili nzima maana taa na friji ni zako, tafuta namna ya kukadiria kwa mfano bili za miezi isiyo na baridi zikija. Dipoziti iweke aya yake ya peke yake.

Tuma kwa barua ya rejista yenye kurudisha sahihi, na nakala kwa posta ya kawaida, na nyingine kwa imeili. Wapo wanaokataa kusaini ya rejista makusudi halafu wanadai hawakupata kitu.

Kuzidisha ni hivi. Wakijibu ndani ya siku 30 na ofa ya maana nawe ukaikataa, jaji anaweza kukupa kiasi kile kile cha ofa tu, kwa hiyo ofa usiitupe kwa hasira. Wakikaa kimya au wakikujibu jeuri, huku wanajua kabisa una haki, au ikithibitika udanganyifu ulikuwa wa kusudi, mahakama inakupa si chini ya mara mbili na inaweza kufika mara tatu, na wao ndo wanamlipa wakili wako. Hiyo ya wakili ndo roho ya sheria hii. Kesi ya dola mia nane hakuna wakili angeigusa, ila sheria ikisema mshtakiwa akishindwa analipa na wakili, wakili anakuja. Na kampuni zinajua hivyo, ndo maana kesi nyingi zinaishia kwenye barua.

Dipoziti ina fidia yake ya mara tatu ndani ya 15B, lakini angalizo: ukiidai na wakairudisha kabla hujafungua kesi, mara tatu kwa kosa la akaunti usitegemee. Idai tu, pesa yako ikirudi mkononi si haba.

---

ShangaziTX

Wanangu hamjambo. Nasoma huku Texas nikaona niongeze kwa walio majimbo mengine maana mtu akisoma ya Massachusetts akaenda nayo kwao kichwa kichwa ataumia. Huku kwetu sheria ya kuwalinda walaji inaitwa DTPA, ya 1973, na yenyewe imeandikwa kabisa kwamba nyumba ya kununua au ya kupanga imo, kwa hiyo mpangaji ni mlaji hakuna ubishi. Ila notisi ni siku 60 siyo 30. Na dipoziti huku mwenye nyumba ana siku 30 baada ya wewe kuondoka, ila LAZIMA umpe anwani yako mpya kwa maandishi, vijana wengi wanahama kimya kimya halafu wanalalamika. Akiizuia kwa nia mbaya sheria inampiga dola 100 na mara tatu ya alichozuia.

New Jersey nimekaa pia, kule sheria yao ya udanganyifu ni ya 1960 na ukishinda ukaonyesha hasara inayohesabika, mara tatu ni lazima, jaji hana hiari. Lakini Washington mahakama yao kuu ilisema mwaka 1985 kwamba ugomvi unaotokana na sheria ya wenye nyumba na wapangaji hauingii kwenye sheria ya walaji, ulimalize huko huko kwenye sheria ya nyumba. Nchi moja hiyo! Sasa mtu anakuambia "Marekani sheria inasema", muulize Marekani ipi.

---

mzigo_mzito

Sheria nzuri nimeelewa. Swali langu liko pale pale, nani ana muda? Mtu anafanya shifti mbili, aombe ruhusa kazini aende mahakamani, kesi iahirishwe, arudi tena, Kiingereza chenyewe cha kuunga unga, mwisho apate dola mia saba. Kampuni ina mawakili wanalipwa kwa mwezi. Mimi nimeona watu wakikata tamaa katikati.

---

Kibaraza

Hapo una hoja na sitaki kumdanganya mtu, kuahirishwa kupo na kuchosha kupo. Ila kuna njia fupi. Mahakama ya madai madogo kikomo chake hapa ni dola 7,000 na ile nyongeza ya mara mbili au tatu haihesabiwi kwenye hicho kikomo. Huhitaji wakili, unaweza kuifungulia hata kwenye Mahakama ya Nyumba ambako majaji wanazijua hizi ada kwa majina. Mkalimani mahakamani ni haki yako bila malipo, Kiswahili kipo, unaomba mapema wakati unafungua kesi usingoje siku yenyewe. Usije na mtoto wako akutafsirie.

Na kabla ya hayo yote kuna ofisi ya Mwanasheria Mkuu, unajaza malalamiko onlaini, bure, wana programu za usuluhishi kwenye miji mbalimbali wanampigia mwenye nyumba simu. Hawawezi kumlazimisha. Ila meneja anayekujibu wewe "soma mkataba" hajibu hivyo akipigiwa kutoka kule. Na malalamiko ya watu kumi juu ya kampuni moja ndo yanayofanya serikali ifungue kesi yake yenyewe. Mfano wa kitaifa, Septemba 2024 tume ya biashara ya shirikisho, ile FTC, iliibana Invitation Homes, wapangishaji wakubwa kabisa wa nyumba za familia moja nchini, kwa mambo haya haya: bei ya tangazo haina ada za lazima, ada zenyewe zikijumlishwa zinaweza kupita dola 1,700 kwa mwaka, na dipoziti zinakatwa kwa uchakavu wa kawaida. Wakakubali kulipa milioni 48. Januari 2025 tume, ikishirikiana na jimbo la Colorado, ikaishtaki na Greystar, kampuni nyingine kubwa ya kupangisha, kwa ada za kufichwa hizo hizo. Sheria ya FTC wewe binafsi huwezi kushtaki nayo, ni ya serikali tu, ndo maana za majimbo ni muhimu kwako.

---

Chausiku_W

Naandika huku natetemeka kidogo. Leo nimemtumia meneja meseji nimemwuliza kwa upole tu kuhusu karatasi ya benki ya dipoziti, amenijibu "wapangaji wenye matatizo mengi huwa hatuwaongezei mkataba". Hivyo hivyo. Na amemalizia na alama ya tabasamu.

---

Kibaraza

HIYO MESEJI USIIFUTE. Piga skrinshoti, itume kwenye imeili yako, mtumie na mdogo wako. Ametuandikia ushahidi mwenyewe na tabasamu juu.

Kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyedai haki yake kumekatazwa, Sura 186 kifungu 18. Wakikupandishia kodi, wakikupa notisi ya kuhama au wakibadilisha masharti ndani ya miezi sita baada ya wewe kulalamika rasmi, sheria inaanza kwa kuchukulia kwamba ni kisasi, na ni kazi yao kuthibitisha kwa ushahidi wa wazi kwamba wangefanya hivyo hivyo hata usingelalamika. Fidia ni kodi ya mwezi mmoja mpaka mitatu au hasara yako halisi ikiwa kubwa zaidi, pamoja na wakili. Ndo maana nasema mambo yawe kwa maandishi. Lalamiko la simu halina tarehe. Sasa hivi peleka barua, halafu piga simu idara ya ukaguzi ya mji waje wapime joto, mchana lisipungue nyuzi 68 za Fahrenheit na usiku 64, na waombe waangalie pia nani analipia na mkataba unasemaje. Ripoti ya mkaguzi ni karatasi ya serikali, meneja hawezi kuitumia tabasamu.

Na kodi endelea kulipa. Nakuomba. Watu wanasikia "nina haki" wanakata kodi wenyewe bila ushauri, kesho wako kwenye kesi ya kufukuzwa. Kuzuia kodi kuna taratibu zake, usiingie huko kabla hujaongea na wakili.

---

dogo_wa_Lowell

Wakuu samahani naingilia kidogo. Mimi nimepanga ghorofa ya juu kwa mzee mmoja, yeye anakaa chini na mkewe, nyumba ni ya familia tatu na hana nyingine. Ni mtu wa nyumbani kabisa tunaongea lugha moja. Naye kanichaji "ada ya kuingia" dola 200 na dipoziti kachukua keshi hakuna risiti. Hii 93A namuwekea na yeye?

---

Kibaraza

Dogo hapo 93A inakataa. Mwaka 1986 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilikuwa na kesi ya mwenye nyumba anayeishi humo humo kwenye nyumba ya familia tatu na hana biashara nyingine ya kupangisha, ikasema huyo hayuko kwenye biashara kwa maana ya sheria ile. Kwa hiyo ukitaka kumtumia mtu barua angalia kwanza ni mfanyabiashara au ni mtu anayepangisha chumba cha juu apate pesa ya kulipia mkopo wa nyumba. Ila 15B haijali anakaa wapi, dipoziti ni akaunti ya benki na risiti hata kwa mzee wako, na ile 200 haimo kwenye vile vitu vinne.

---

ShangaziTX

Na wewe dogo, huyo mzee usianze na mahakama. Nenda na shikamoo yako, mwambie baba naomba uniandikie risiti ya dipoziti, sheria inakutaka, isije ikakugharimu mara tatu bure. Wengi wao hawaijui hiyo sheria kabisa. Akikataa ndo mengine yafuate, na hapo na wewe andika meseji ya kumkumbusha mazungumzo yenu, "kama tulivyoongea jana baba", ili pawe na tarehe.

---

mzigo_mzito

Na dalali je? Mimi nilimlipa dalali kodi ya mwezi mzima kunionyesha nyumba ambayo mwenye nyumba ndo alimweka yeye dalali. Hiyo mbona hamuisemi.

---

Kibaraza

Inategemea lini. Tangu Agosti 1, 2025 hapa Massachusetts aliyemwita dalali ndiye anamlipa. Mwenye nyumba akimweka dalali atangaze nyumba yake, gharama ni ya mwenye nyumba, hawezi kukusukumia wewe. Kama ulilipa baada ya tarehe hiyo na hukumwajiri wewe, kusanya karatasi zako na wewe uandike barua. Kama ni kabla, hiyo sheria haikuhusu, labda kama alikudanganya kitu kingine.

---

mzigo_mzito

Ni Oktoba.

---

Kibaraza

Basi mzee andika barua 😄

---

Chausiku_W

Nimeanza kuandika usiku huu, nimefika ukurasa mmoja na nusu. Swali la mwisho jamani: naiandikia nani? Mkataba juu una jina la kampuni ya usimamizi, chini kasaini meneja, nikilipa kodi onlaini pesa inakwenda kwa jina lingine kabisa lenye herufi na namba za mtaa halafu LLC.

---

Kibaraza

Hilo la LLC ndilo lenye nyumba uwezekano mkubwa. Hakikisha kwenye rejista ya hati za ardhi ya kaunti ya Worcester, unaingia onlaini unatafuta kwa anwani ya jengo, hati itakuonyesha mmiliki. Halafu ingia kwenye daftari la makampuni la katibu wa jimbo, andika jina la hiyo LLC, utapata anwani yao na mtu anayepokea barua zao za kisheria. Barua itaje wote wawili, mmiliki na kampuni ya usimamizi, kila mmoja atumiwe bahasha yake.

Na angalia tena mkataba wako kuna mahali pameandikwa jina, anwani na simu ya mmiliki mwenyewe? Kanuni ile ya 3.17 inataka viwemo. Kama havimo, hiyo ni aya nyingine kwenye barua yako, iweke kabla ya ile ya paking.